Mgongo wa Mama Bukuru

Vijana wangu mliovaa magwanda juzi, ambao mikanda yenu bado inalia kwa upya, sogeeni. Chuoni mmefundishwa mengi, na mengi ni kweli. Mimi nawaletea lile ambalo halikuandikwa ubaoni, maana aliyenifundisha hakuwa na chaki, na nilipoliona nilikuwa nimebakiza miaka michache tu nistaafu, nikidhani hakuna kitu kipya kitakachonishangaza chini ya jua la Kigoma.

Somo langu la kwanza kazini lilikuwa fupi: usimpe mfungwa mgongo. Nilipewa na Mzee Kapaya, koplo wa zamani mwenye sauti ya kusimamisha meli katikati ya ziwa. Alinishika mabega, akaniegemeza ukutani kama ngazi.

"Bihemo," akasema, "huu ukuta ndio mke wako wa kwanza. Ukiwa na mfungwa mwenye jembe, panga, shoka, hata kijiko, mgongo wako uwe hapa. Umesikia?"

"Nimesikia, Afande."

"Kwenye kazi hii mtu anayempa mgongo mwenye chuma ni wa aina mbili. Ama mjinga, ama amechoka kuishi. Wewe ni yupi?"

"Si yeyote, Afande."

"Basi ganda ukutani."

Nikaganda. Niliganda miaka na miaka. Sokoni Ujiji nilitembea upandeupande kama kaa wa ziwani, watoto wakanifuata wakiniigiza. Siku ya harusi yangu mpishi alikuja na kisu cha keki, na kabla sijafikiri nikawa nimeshahamia ukutani, bibi harusi kabaki peke yake mbele ya mpiga picha. Hadi leo picha ile ipo sebuleni. Wageni humuuliza mke wangu, "Bwana harusi alikuwa wapi?" Naye huwajibu, "Kazini."

Gereza letu lilikuwa la kilimo, si mbali na ziwa, nami jina lake nitaliacha lipumzike. Tulilima michikichi. Mnaotoka mikoa mingine mtanisamehe nikieleza: mchikichi ndio unaotupa mawese, na mawese ndiyo yanayofanya maharage ya Kigoma yawe maharage, si vile vidonge mnavyokula kwenu. Mkungu wa mchikichi hukatwa kwa panga au shoka, huachwa siku kadhaa ulegee, kisha watu hukaa chini wakapukuchua chikichi moja moja kutoka kwenye miiba. Ndipo zichemshwe pipani na kukamuliwa. Kazi ya kukata ni ya wachache tuliowaamini. Kazi ya kupukuchua ni ya wote, nayo haina haraka.

Wakati huo mimi nilikuwa Sajini. Tena Sajini msomi! Kidato cha nne nilikimaliza kwenye darasa la jioni pale Ujiji, mvi zikiwa zimeshanianza. Mwalimu wetu alikuwa mdogo kuliko mwanangu wa kwanza, na kila nikinyanyua mkono alianza kwa kuniamkia, "Shikamoo, ndiyo, jibu." Nilipata cheti. Nilikiweka kwenye fremu, nikakitundika juu ya kitanda, nikalala chini yake kama mtu anayelala chini ya mwembe wenye matunda. Kwa hiyo Mkuu wa Gereza alipopata taarifa kwamba mtafiti anakuja kutoka chuo kikuu, mtaalamu wa saikolojia ya uhalifu, aliniita mimi.

"Bihemo, wewe ndiye msomi wetu. Na unajua Kiha. Utakaa naye."

"Anatafiti nini, Afande?"

"Kwa nini tukiwaachia wanarudi, na kwa nini wengine hawarudi."

Nilicheka hadi kofia ikaanguka. Mbona jibu lilikuwa rahisi! Wanaorudi ni wabaya, wasiorudi ni wazuri. Tungemwandikia kwenye kipande cha karatasi, tukamwepushia nauli.

Akaja Dokta Tausi. Nilitegemea mtu wa miwani minene na ndevu. Akashuka binti mwembamba mwenye mtandio, sauti ya taratibu ya watu wa pwani, akanipa mkono: "Shikamoo, Afande."

"Marahaba, Daktari. Karibu Kigoma, mwisho wa reli."

"Kwangu ni mwanzo," akasema.

Siku ya kwanza alifanya jambo ambalo sikuwahi kuliona gerezani. Alikusanya wafungwa, akawaeleza anachotaka kuuliza, kisha akasema, "Unaweza kukataa. Ukikataa, hakuna baya litakalokupata. Ukikubali, hakuna zawadi."

Jamani! Mfungwa kuambiwa anaweza kukataa! Kimya kilichoshuka pale ungesikia mchwa akitafuna paa. Wafungwa wakanitazama mimi. Mimi nikamtazama Mkuu. Mkuu akatazama mawingu.

Kulikuwa na mmoja anaitwa Chande, mwizi wa Bangwe, hodari wa mashine za boti. Mdomo wake ulikuwa na kifungo chake peke yake. Akainua mkono. "Daktari, mimi nakataa."

"Asante, Chande," Daktari akasema. "Unaweza kwenda."

Akaenda. Aliondoka kinyumenyume, akisubiri rungu. Rungu halikuja. Akafika bwenini, akachungulia. Hakuna kitu. Kesho yake asubuhi alikuwa wa kwanza kwenye foleni ya kuhojiwa.

"Si ulikataa?" nikamuuliza.

"Nilikuwa napima barafu kama inabeba, Afande."

"Barafu umeiona wapi wewe?"

"Kwenye ndoo ya samaki."

Hata hivyo mahojiano yenyewe yalitushinda mwanzoni. Daktari alikaa mezani, mimi pembeni na gwanda langu lililopigwa pasi mpaka likasimama lenyewe, na kila mfungwa akajibu namna moja: "Tunashukuru, tunatunzwa vizuri." Daktari akaniomba, kwa adabu, nije bila sare. Nikaja na suti yangu niliyopokelea cheti. Wakaogopa mara mbili, wakadhani nimetoka makao makuu. Mmoja alinipigia saluti, akaanza kuungama makosa ambayo hata hatukuwa tunayajua.

Daktari akatafakari kutwa nzima. Kisha akafunga karatasi zake, akauliza, "Hawa watu huwa wanazungumza wapi, Afande, wenyewe kwa wenyewe?"

"Kwenye kupukuchua chikichi."

Kesho yake akaketi kwenye kigoda katikati yao, akavuta mkungu, akaanza kupukuchua. Miiba ilimchoma vidole vyote, akanyonya damu, akaendelea. Nami nikakaa chini. Na hapo, vijana wangu, maneno yakafunguka kama bomba lililopasuka. Mtu ambaye mikono yake ina kazi na macho yake yameinama husema mambo ambayo mezani angekufa nayo. Nilifanya kazi kati ya watu wale miaka mingi kuliko mawe ya Bangwe, na sikuwa nimewahi kuwasikia. Nilikuwa nimewahesabu tu.

Kitu kilichonishika zaidi ni kwamba hakuwauliza "kwa nini ulifanya?" Swali hilo, alisema, humfanya mtu atafute uongo mzuri. Aliuliza, "Siku hiyo uliamkaje? Ulikula nini? Nani alikuwa wa kwanza kukusemesha?" Akawatembeza polepole kutoka asubuhi mpaka kwenye tendo, pingili kwa pingili, kama mtu anayepitisha mnyororo mkononi. Aliuita hivyo hivyo, mnyororo. "Tendo ni pingili ya mwisho, Afande," akaniambia. "Watu wote huitazama hiyo. Mimi natafuta pingili ya nyuma yake, ile ambayo bado ni laini, mtu anaweza kuikata mwenyewe."

Nikamuuliza, "Na ukiipata, atakuwa mwema?"

"Sijui," akasema. "Ndiyo maana natafiti."

Mwenye shahada tatu kusema sijui! Mimi na cheti changu kimoja nilikuwa najua kila kitu. Nilikwenda nyumbani nikiwa kama nimepigwa na radi. Nikaazima kitabu kwake, nikakisoma kwa kamusi, na wiki nzima nikawa mwanasaikolojia wa mtaa. Nilimhoji jogoo kuhusu pingili zake. Nilimuuliza mke wangu, "Kabla hujakasirika kuhusu ndoo, uliamkaje?" Akaniambia, "Baba Asha, niliamka nikakukuta wewe. Hiyo ndiyo pingili ya kwanza."

Sasa nije kwa Bukuru.

Majina yote hapa nimeyabadilisha, ila hili sikuwa na namna. Kwetu pacha wa kwanza ni Bukuru na wa pili ni Butoyi, nchi nzima ya Buha imejaa hao, hamtampata ninayemsema hata mkizunguka kwa baiskeli mwaka mzima. Bukuru huyu alitoka Ilagala. Alikuwa anatumikia kifungo cha kuua bila kukusudia. Aliyemuua ni Butoyi, pacha wake, kwa panga, kwenye shamba la michikichi aliloliacha baba yao.

Kwa hesabu zetu za zamani, Bukuru alikuwa mfungwa bora. Mkimya. Hakugombana na mtu. Mzee Kapaya angemsifu kaburini. Daktari ndiye aliyeona tusichokiona: mtu huyu aliyekulia kwenye michikichi hakugusa chuma. Si panga, si kisu, si jembe. Mkungu ukiwa mgumu aliuchana kwa kucha na meno. Akipita penye panga lililolazwa chini, alizunguka mbali, kama penye nyoka.

"Nyie mnamwita mtulivu," Daktari akasema. "Mimi naona mtu anayejiogopa. Utulivu wa namna hiyo hauvuki lango, Afande. Nje kuna mapanga kila nyumba."

Na siku zake za kutoka zilikuwa zinakaribia. Tulipokaa naye penye chikichi, Daktari akamuuliza, "Ukitoka utakwenda wapi, Bukuru?"

Akapukuchua tatu nne kabla ya kujibu. "Siendi."

"Kifungo kinaisha."

"Kinaisha chenu. Mama hajaja kuniona tangu siku ile. Mtu asiye na mama anakwenda wapi? Ziwa lipo."

Alisema vile vile unavyosema "soko lipo." Ziwa letu mnalijua. Lina kina ambacho hata jiwe likizama huchoka njiani likapumzika. Nikamtazama Daktari, na kwa mara ya kwanza nikaona uso wake hauna swali. Tangu siku ile hakuachwa peke yake. Daktari aliomba Chande apangwe kulala jirani naye. "Huyo aongee naye mpaka achoke," akasema. "Kuongea ndiyo kazi aliyoumbiwa."

Kisha akamwendea Mkuu. "Nataka kwenda Ilagala kwa mama yake. Kila ninayemchunguza aliyefanikiwa nje, nakuta kuna mtu alimngoja. Huyu hana."

"Daktari," Mkuu akasema, "yule ni mama wa marehemu."

"Ni mama wa wote wawili."

Tukaenda Ilagala, asubuhi, gari likitimua vumbi. Tulimkuta Mama Bukuru ameketi uani akichambua dagaa. Hapo niliongoza mimi, maana kwa Waha salamu si neno la kurusha ukipita. Nikachuchumaa, nikapiga makofi taratibu, "Mwakeye," akaitikia, akauliza ya nyumbani, ya watoto, ya mifugo, ya mvua, ya afya ya watu ambao wala sikuwajua. Daktari wa watu, mtoto wa pwani, akachuchumaa kando yangu akipiga makofi nje ya mdundo, magoti yakitetemeka. Mama akamtazama, akacheka kidogo. "Mpe kigoda huyu, atavunjika."

Daktari akaeleza alichokuja nacho, bila kuzunguka: Bukuru anakaribia kutoka, anaona hana pa kwenda, tunaogopa maisha yake.

Mama akaendelea kuchambua dagaa. Kisha akasema, "Nilibeba wawili tumbo moja. Sura moja. Nikienda kumwona aliye hai, nitamwona na aliyekufa. Mnaniambia niende nikamwangalie muuaji au nikamwangalie marehemu?"

Kidato cha nne hakikufika huko.

Mama akainuka, akatupeleka nyuma ya nyumba. Shamba la michikichi lilikuwa limefungwa na magugu hadi kiunoni. Mikungu ilikuwa imeiva ikapasuka, chikichi zimemwagika chini, nyingine zimeoza, ndege wanagombania juu.

"Aliyekuwa anaikata amekufa," akasema. "Na anayejua kuikata mnaye ninyi."

"Tumwambie nini, mama?" Daktari akauliza.

"Mwambieni mikungu inaoza."

Basi. Hakuna "msalimieni," hakuna "nimemsamehe." Njiani kurudi nilifoka mpaka dereva akapunguza mwendo. "Mama gani huyu? Mtoto anataka kujitupa majini, yeye anazungumza mikungu!"

Daktari alikuwa anafuta machozi kwa ncha ya mtandio, na anatabasamu. "Afande, hujasikia? Amempa kazi."

Tukamfikishia Bukuru ujumbe kama ulivyokuwa, bila kuongeza chumvi, na mnajua kwangu kutoongeza chumvi ni ibada. "Mama anasema mikungu inaoza."

Akaacha kupukuchua. "Yote?"

"Yote. Na magugu kiunoni."

"Ule wa mpakani, karibu na kichuguu?"

"Umepasuka."

Akafunika uso kwa mikono iliyojaa mafuta. Mchikichi ule wa mpakani ndio waliougombania. Kisha akasema, kwa sauti ndogo, "Siwezi kushika panga, Daktari."

"Hatuanzi kwa kushika," akasema.

Hapo ndipo nilipoona kazi. Miezi ile, vijana wangu, ningetamani kila mmoja wenu angeketi pale. Walianza na mnyororo wa siku ile: alilala bila kula, asubuhi akanywa pombe ya ndizi, wakafika shambani, Butoyi akamcheka mbele ya watu kwamba hajui mpaka wa baba yake. Masikio yakapata moto. "Baada ya masikio sikumbuki," Bukuru akasema. Daktari akairudia mara nyingi: masikio. Pingili laini ni masikio. Masikio yakipata moto, mikono bado ni yako. Wakatafuta mikono ifanye nini wakati huo. Bukuru mwenyewe ndiye aliyechagua: maji.

Kisha chuma. Kwanza alikaa tu mahali ambapo panga limelazwa. Baadaye akalimwagia maji huku mfungwa mwingine akilinoa. Baadaye akalinoa yeye. Mkuu wa Gereza aliruhusu kwa jasho, akaniita pembeni: "Bihemo, ukifa usije kunilaumu."

"Nikifa nitakuja kukulaumu ofisini, Afande, wala sitapiga hodi."

Siku aliyokata mkungu wa kwanza nilikuwepo, mgongo wangu kwenye ukuta wa banda, kama mlivyotarajia. Alikata safi, kwa pigo lenye adabu. Akakata wa pili. Na Chande, ambaye kama mdomo wake ungekuwa mashine ya boti angeshafika Kalemie, ng'ambo ya ziwa, na kurudi, akapiga kelele toka upande wa pili: "Jamani kaeni mbali! Leo zamu ya nani?"

Kila kitu kikasimama. Nadhani hata mawingu. Bukuru akageuka na panga mkononi, masikio yake yakageuka rangi nikiona kwa macho yangu. Mkono wangu ukashuka kwenye rungu. Daktari, hatua chache tu kutoka kwake, hakusogea.

Bukuru akainama. Akalaza panga chini, taratibu, kama unavyolaza mtoto aliyelala. Akatembea hadi kwenye pipa la maji, akatumbukiza mikono yote miwili hadi viwikoni, akakaa hivyo, akipumua. Maji yakatulia. Kisha akainua kichwa, akasema, "Chande."

"Naam, kaka," Chande akajibu.

"Utani wako haujapikwa ukaiva."

Watu wakacheka, na Chande akacheka kwa machozi, akaja akamshika mkono majini. Mimi nilibaki pale nimeshika rungu nisilojua kwa nini nimelishika. Nimeona dhoruba ikipandisha mawimbi ziwani hadi mitumbwi ikakaa juu ya nyumba. Nimeona simba wa pori la Moyowosi akivuka barabara kama mwenye shamba. Sijawahi kuona kitu kikubwa kama mtu yule akiikamata hasira yake mwenyewe na kuiogesha.

Lakini bado mama hakuwa amekuja. Tulimpelekea taarifa ya siku ya kutoka, hakujibu. Bukuru aliacha kula vizuri. Daktari naye, nilimwona, aliacha.

Siku yenyewe ilipofika, asubuhi, askari wetu wa kike langoni akaita kwa sauti ya kupanda: "Sajini! Kuna bibi hapa ana panga!"

Nikatoka. Mama Bukuru amesimama nje ya lango, kitenge kipya, na mkononi kitu kirefu kimefungwa kwenye kitambaa, mpini wa panga umetokeza. Vijana, hapo akili za shule zote zilihama. Nilichokiona ni mama wa marehemu, na panga, na siku ya kumtoa muuaji. Nikapuliza filimbi. Nilipuliza ile ya hatari, ambayo naambiwa mbuzi wa Kidahwe waliisikia wakalala chini. Askari wakatoka mbio, Mkuu akatoka na kiatu kimoja, Chande akaonekana kwenye nondo za dirisha akipiga kelele, "Mwacheni mama wa watu!"

Mama hakutikisika. Akasubiri nikose pumzi, kisha akaniambia, "Wewe si ndiye uliyekuja kwangu ukanisalimia vizuri? Leo salamu imekwenda wapi?"

Nikachuchumaa hapo hapo langoni, filimbi ikining'inia, nikapiga makofi. "Mwakeye, mama."

Alipomaliza kuitikia, Mkuu akamuuliza panga la nini.

"La baba yao. Mnamtoa mtu akakate michikichi, atakata kwa meno?"

Kwa taratibu, panga likapokelewa pale langoni, likakaa kwa askari hadi Bukuru amekwisha kutoka. Akatoka na kifurushi chake, shati lililokuwa limembana mabegani. Akamwona mama. Akasimama. Mama akatembea hadi kwake, akamshika uso kwa viganja viwili, akaugeuza huku na huku, kama mtu anayetafuta kitu usoni. Aliutazama muda mrefu, hata sisi tukatazama chini. Bukuru akachuchumaa, akapiga makofi ya salamu, na mikono ikawa inapishana haikutani.

"Mama…"

"Umekula?"

"Sijala."

"Utakula nyumbani. Hujawahi kufanya vizuri ukiwa hujala." Nikamsikia Daktari kando yangu akivuta pumzi. Mama alikuwa ameijua ile pingili siku zote, bila chuo.

Akamwashiria askari. Lile panga likaletwa, bado kwenye kitambaa. Mama akalifungua mwenyewe. Ukingo ulikuwa umenolewa, uking'aa. Akamkabidhi mwanawe, mpini mbele. Bukuru akalipokea kwa mikono miwili. Nikajikuta, kwa mazoea ya miaka yote, nimerudi nyuma mpaka ukuta ukanigusa. Wote tulirudi ukutani, askari, Mkuu na kiatu chake kimoja. Daktari peke yake alibaki pale alipokuwa.

Mama Bukuru akarekebisha kitenge kiunoni. "Twende," akasema. "Jua litatuwahi."

Akageuka. Akatangulia mbele kwenye njia ya kwenda kituoni, bila haraka, bila kutazama nyuma hata mara moja, mgongo wake wote umemwelekea mwanawe mwenye panga. Bukuru akasimama kidogo, akalitazama lile panga, akautazama ule mgongo. Kisha akaligeuza kali lielekee chini, akamfuata, akizipima hatua zake zilingane na za mama yake, mpaka walipopinda penye michikichi ya mpakani mwa gereza, hatukuwaona tena.

Nikakumbuka aina mbili za Mzee Kapaya, mjinga na aliyechoka kuishi, nikatafuta mama yule aingie wapi.

Daktari akanigusa bega. "Afande, wamekwisha kwenda. Unaweza kutoka ukutani."

Nikatoka.